Mwenye Spika Haongei

Mtu wa Khwisero, huku kwetu magharibi mwa Kenya, anaweza kukwepa ushuru wa soko, anaweza kukwepa baraza la chifu, na akiwa mjanja anaweza hata kumkwepa mama mkwe siku ya soko. Maiki hawezi kuikwepa. Kuanzia Dudi hadi Mulwanda, eneo lote la Kisa, Jumamosi ni siku ya kuzika, na mazishi ya kwetu hayaishi mpaka kila aliyewahi kuazimwa jembe na marehemu apewe nafasi ya kusema neno. Huitwa "neno moja tu". Emsii husimama, huangalia saa ambayo hana mkononi, kisha hutangaza: "Tupate neno moja tu kutoka kwa wajukuu. Neno moja tu kutoka kwa majirani. Neno moja tu kutoka kwa waliosoma na marehemu darasa la nne." Ukikaa nyuma kabisa chini ya mwembe, utaitwa kwa jina. Ukijificha jikoni, utaletwa na mwiko mkononi.

Mimi nilipata maficho bora kuliko yote. Nilinunua spika.

Katika mazishi hakuna asiyeonekana kama mwenye mitambo. Anakaa kando, nyuma ya amplifaya, nyaya zimemzunguka. Akiinama, watu wanadhani anarekebisha kitu. Nina spika mbili za sanduku, honi mbili za kufunga juu ya mti, maiki moja ya waya na nyingine isiyo na waya, jenereta ndogo yenye hasira, na mpwa wangu wa kuikabili hiyo jenereta. Wenzangu waliingia kazi hii kwa kupenda muziki. Mimi niliingia kwa kuogopa watu.

Kutoka pale nyuma nimeona woga wa kila namna. Kuna wanaoipiga maiki makofi kana kwamba imewakosea. Kuna wanaoipuliza, fuu, fuu, halafu wanauliza kama tunawasikia, na sisi tumeshaziba masikio. Kuna anayeishikia kitovuni, tukabaki kusikiliza tumbo lake. Mbaya zaidi ni anayeishika kichwani, vidole vimefunika wavu wote, huku amesimama mbele ya spika. Hapo sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena, inaingia tena, mpaka mambo yote yanakuwa mlio mmoja wa kupasua kichwa. Mhusika akiusikia anashtuka na kurudi nyuma, yaani anazidi kuisogelea spika, na mlio unazidi kunoga. Bibi mmoja aliwahi kuikemea maiki yangu katika jina la Yesu. Ilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeizima, lakini sikupata shukrani hata kidogo.

Dalili kubwa lakini si ya macho, ni ya masikio. Mwili ukiogopa hujiandaa kupigana au kutimua mbio, na katika maandalizi hayo idara ya mate hufungwa mapema. Kwenye spika nzuri ulimi uliokauka husikika: kila neno linatanguliwa na kamlio kadogo, tk. Tk zikianza kufuatana, napunguza sauti nyembamba, naongeza zile nzito, na kijana anayekaribia kuzirai anasikika kama mzee wa kanisa. Nimewaokoa wengi, na wote wanaamini ni karama yao.

Wazee wa huku walishapata dawa yao zamani. Anayejua kazi haanzi na hotuba. "Bwana asifiwe!" Watu: "Amen!" "Bwana asifiwe tena!" "Amen!" "Mulembe!" "Mulembe!" Kisha "itifaki imezingatiwa". Kufikia hapo amesimama dakika nzima, hajasema lolote, moyo umetulia, na kazi yote tumeifanya sisi. Namjua mmoja aliyezimaliza dakika zake mbili kwa Bwana asifiwe tupu, akaketi, akapigiwa makofi kuliko mwanasiasa aliyemfuata.

Mimi hata hiyo Bwana asifiwe ilikuwa inanishinda. Darasa la sita nilitiwa katika kundi la kukariri shairi kwenye tamasha la muziki. Kazi yangu ilikuwa moja: likitajwa jua, ninyooshe mkono wa kulia juu. Jua likatajwa. Mkono ukapanda. Haukushuka. Shairi likaendelea, mvua ikatajwa, mavuno yakatajwa, wenzangu wakainama, wakainuka, wakapiga magoti, na mimi bado naonyesha jua. Wakatoka jukwaani kwa mstari, nikabaki. Mwalimu alikuja kunichukua kwa kiwiko, mkono ukiwa juu vilevile, na mbele ya watu wote jaji akasema amefurahishwa sana na yule mtoto aliyesimama badala ya mti.

Lakini si kwamba upande wetu una uhaba wa watu wa jukwaani. Majirani zetu, wasichana wa Butere Girls, waliingia jukwaani Nakuru Aprili 2025 katika tamasha la kitaifa la drama, na mchezo wao Echoes of War ulikuwa umegombewa hadi mahakamani. Walikuta hakuna watazamaji wala mitambo ya sauti. Wakaimba wimbo wa taifa, wakageuka, wakatoka, huku nje polisi wakifyatua vitoa machozi. Watoto wa shule, mbele ya viti vitupu, bila hata waya mmoja. Siku hiyo aliyetetemeka si msemaji. Niliposoma habari ile niliutazama mkono wangu wa kulia nikauonea haya.

Na Kisa hii hii ndiyo iliyompa Kenya George Mukabi, aliyezaliwa 1930 na kufariki 1963 akiwa kijana bado, bwana wa omutibo, mtindo wetu wa gita. Nyimbo nyingi aliziimba kwa Kiswahili, na pembeni ya gita lake kulikuwa na chupa ya Fanta. Vijana wa leo hawaijui ile chupa. Ilikuwa ya kioo, yenye mbavu zilizoizunguka kuanzia begani hadi chini. Ukizikwaruza kwa msumari inatoa krr-krr, ukiigonga inatoa tin, na ukichanganya vizuri hakuna mguu utakaotulia.

Khotsa wangu, kaka yake mama, alipiga omutibo huo kwenye harusi na kwenye vilabu vya busaa, na mimi ndiye niliyekuwa kijana wake wa chupa. Sikuomba kazi hiyo. Kijana wa kwanza alikuwa ameoa akaacha usiku, mama akanitoa kama mchango. Harusi yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Namasoli, na nilipoona idadi ya macho pale, mikono yote miwili ikaanza kutikisika, chupa huku, msumari kule. Khotsa aliniona. Bila kuacha kupiga, akainama sikioni mwangu, mimi mpwa wake: "Omwiwa, kama kutetemeka hakukuachi, basi tetemeka kwa mdundo."

Nikatetemeka kwa mdundo. Ilibainika kwamba mkono unaotetemeka unakwaruza vizuri kuliko uliotulia, kwa sababu krr-krr yenyewe ni nini kama si tetemeko lililopewa kazi? Bibi harusi alinitunza noti. Baadaye, nikipeleka chupa kuoshwa, nilimkuta khotsa nyuma ya ghala la mahindi akisukutua kinywa. Alikuwa ametapika kabla hatujaanza. Hutapika kila mara, aliniambia, kwa utulivu wa mtu anayekueleza ratiba ya matatu, na siku asipotapika gita halimtii.

Mwaka 2014 mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha utafiti ambao ungemchekesha khotsa kwa jinsi ulivyochelewa. Aliwaimbisha watu karaoke mbele ya mashine ya mchezo inayotoa alama. Kabla ya kuimba, wengine waliambiwa waseme wana wasiwasi, wengine waseme wamechangamka. Waliosema wamechangamka waliimba vizuri zaidi. Kwenye hotuba ikawa vivyo hivyo: wa kuchangamka waliwashinda waliojiambia watulie. Moyo wa mwoga na moyo wa mwenye shangwe huenda mbio zile zile, na ni kazi ndogo kuzibadilisha jina kuliko kuzisimamisha. Wale waliokwambia "tulia, usiogope" walikuwa wanakupotezea wakati, na mimi nimewasikia hao kwa miaka, wengine kwa maiki yangu mwenyewe.

Basi khotsa akafariki, mzee wa umri wake, na mitambo nikaileta bure kama ilivyo haki. Usiku wa kuamkia mazishi wazee wakaketi, wakaniita kutoka kwenye nyaya zangu, wakasema neno moja tu la wapwa litatoka kwangu. Nikasema mimi ni mtu wa mitambo. Wakasema vizuri, basi hutakosa maiki.

Sikulala. Nilijifariji kwa Gandhi. Huyo, kabla hajawa Gandhi tunayemjua, alisimama katika mahakama ndogo ya Bombay kuendesha kesi yake ya kwanza, kichwa kikazunguka, akakosa hata swali moja la kumuuliza shahidi, akaketi, akarudisha ada yake ya rupia 30. Mwaka 1893 akapanda meli kwenda Afrika Kusini, akapitia Lamu, Mombasa na Unguja, na huko Lamu nusura meli imwache. Nikaona mfano mwema: ukishindwa kusema, hama. Tatizo lilikuwa usafiri. Reli iliyo karibu nasi inaishia Butere.

Asubuhi nikavaa koti nililonunua soko la Luanda kwenye mitumba, zuri, la kijivu. Boma la khotsa liko kule mashamba yanakoteremka kuelekea mto Yala, na hema zilikuwa zimejaa kabla ya saa nne. Kidogo jenereta ikakohoa, ikanyamaza: petroli imekwisha. Mpwa wangu akapanda boda kwenda kutafuta, kwaya ikashika wimbo bila mitambo, na mimi nikaona Mungu amenipa nafasi. Nikachukua maiki isiyo na waya, niuzoee uzito wake, nikaingia nayo migombani, mbali kabisa, nyuma ya choo.

Nikaanza na toleo la kwanza. Lilikuwa na methali, lilikuwa na nabii Eliya, lilikuwa na historia ya ukoo kuanzia mbali. Nilihutubia mgomba mmoja mkubwa. Katikati ya Eliya nikaanza kusikia sauti yangu ikinirudia kutoka ng'ambo, nzito, ya heshima, nikasema moyoni: kumbe bonde hili la Yala lina mwangwi mzuri namna hii! Nikapendezwa. Nikapaza zaidi. Lakini toleo lenyewe niliona refu, nikaliacha.

Toleo la pili nililifupisha. "Bwana asifiwe!" nikauambia mgomba. Kwa mbali nikasikia "Amen!" Kwaya inafanya mazoezi, nikafikiri, na nikaona ni dalili njema. Nikasema jinsi khotsa alivyonipa chupa nikiwa mtoto. Nikasema alivyokuwa akitapika nyuma ya ghala. Nikamaliza. Kimya, kisha kama kicheko mahali fulani. Majirani, nikafikiri.

Hapo ndipo nilipojipa moyo. "Wewe ni mwanaume," nilijiambia, maiki mdomoni. "Unaogopa nini? Watu gani hawa? Yule mzee wa miwani hulala kuanzia sala ya kwanza. Wale wa meza ya mbele wamekuja kuangalia kama kuna wali. Na huyo emsii, huyo wa neno moja tu, ana deni langu la spika tangu Krismasi, na anapita mbele yangu na viatu vipya." Simu ikatetemeka mfukoni. M-Pesa. Emsii amenitumia shilingi elfu mbili. Nikaitazama mbingu kupitia majani ya migomba. Siku hiyo Mungu alikuwa kazini.

Nilikuwa naanza toleo la tatu mtoto mmoja wa jirani alipotokeza kati ya migomba, miguu pekupeku, kidole kinywani.

"Mjomba," akasema, na sauti yake ikasikika pale na kule ng'ambo kwa pamoja, "wamesema uje utoe ile ya pili. Ile ya kwanza ni ndefu."

Kuna mambo ambayo mwenye mitambo ndiye pekee anayeyaelewa mara moja. Jenereta huwekwa nyuma ya nyumba, mbali, ili isisumbue wafiwa. Honi nilizifunga mwenyewe alfajiri juu ya mparachichi, zimeelekea barabarani. Swichi ya maiki ilikuwa juu muda wote. Na mpwa wangu, mtoto mwenye bidii, alikuwa amerudi na petroli.

Safari ya kutoka migombani hadi kwenye hema si ya mita hata hamsini. Nilitembea. Sitaeleza nilivyotembea. Watu walikuwa wameinamisha nyuso, mabega yanacheza. Yule mzee wa miwani alikuwa macho, macho kabisa. Emsii alinikaribisha kwa sauti nyororo ambayo sijawahi kuisikia kwake, akasema mzungumzaji anayefuata hahitaji kutambulishwa.

Mikono ilianza kabla ya mdomo. Juu ya meza, kando ya picha ya khotsa, walikuwa wameweka gita lake na ile chupa, na msumari ndani ya chupa. Nikasema "Bwana asifiwe", na Amen iliyotoka ingeweza kung'oa hema. Nikaanza toleo la pili. Nilipofika mahali pa harusi ya Namasoli nikakwama, tk, tk, ulimi kama gunia, na akina mama wa mstari wa mbele wakanimalizia sentensi: walikuwa wanaijua. Niliposahau tena, wakanikumbusha tena. Mtoto wa migombani alikuwa na ya kwake ya kuongezea kuhusu kutapika. Sikuwa na cha kuficha kilichobaki, hata kimoja, na maiki ilikuwa inanirukaruka mkononi, kwa hiyo nikampa emsii anishikie, nikachukua chupa na msumari.

Krr-krr, tin. Krr-krr, tin. Mzee mmoja aliyewahi kucheza na khotsa akaamka, akalichukua gita bila kuulizwa. Senje zangu, dada za baba, wakapiga vigelegele, na mchungaji, ambaye kanisa lake halina msimamo mmoja kuhusu omutibo, akatazama programu yake kwa makini sana mpaka tukamaliza.

Nyumbani jioni nikivua koti ndipo nikaona kadi ya bei ya duka la Uingereza, imefungwa kwa uzi kwenye mkono wa kulia, pauni 4. Ilikuwa imening'inia muda wote wa kukwaruza chupa. Jasho likanitoka upya. Nikazunguka kuuliza, mmoja mmoja. Hakuna aliyeiona. Hata senje, ambaye huona kitufe kilichokosekana kwenye shati la mtu aliye kwenye pikipiki inayopita. Kukhu, nyanya yangu, peke yake ndiye aliyeiona, na alichotaka kujua ni kama koti nimelilipia au nimeazima.

Binti wa dada yangu anasoma Chuo Kikuu cha Masinde Muliro pale Kakamega, naye akaniambia hilo nalo lilishapimwa. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha majaribio ambamo mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, picha ya kumtia aibu kijana yeyote wa huko, akaingizwa chumbani walimoketi wenzake. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya watu wameiona. Walioiona hawakufika robo. Akaongeza kwamba mwaka 2003 Gilovich huyo na Kenneth Savitsky walionyesha kuwa hofu ya msemaji haionekani nje kama mwenyewe anavyodhani, na kwamba akielezwa hilo kabla ya kusimama, huhutubu vizuri zaidi.

Nikamuuliza kama Cornell walijaribu na mtu ambaye hofu yake ilitangazwa kwa honi mbili kutoka juu ya mparachichi. Akasema atauliza.

Siku hizi naitwa kusema hata mahali ambapo sina undugu. Wanataka ile ya pili. Nikisimama bado natetemeka, na chupa naibeba kwenye sanduku la nyaya, kwa dharura. Jambo ambalo sikulitarajia lilitokea Jumamosi iliyopita, kule upande wa Ekomero, kabla ya programu kuanza. Emsii alinijia kando, akatazama kushoto na kulia, akaniomba kwa sauti ya chini nimwazime maiki isiyo na waya kidogo, na kama inawezekana nizime jenereta. Alitaka kwenda migombani. Miaka yote hiyo, akaniambia, kabla ya kila mazishi huenda mahali akajisemesha, na tumbo humchafuka, na ile saa anayoitazama mkononi ni kwa sababu hajui macho ayaweke wapi.

Nikamhurumia kwa dhati. Nikampa maiki. Nikazima jenereta. Akaingia kati ya migomba, akapotea.

Mpwa wangu alikuwa amechutama kando ya jenereta, mkono umeshaishika kamba.

"Khotsa," akasema, "nivute?"

Nikalikumbuka deni la Krismasi. Lilikuwa elfu mbili na mia nane.